Mtaro Huu Anauzibua Nani? Niliyojifunza Copenhagen na Malmö

Mwaka 2011 miji miwili ilizama, na miaka baadaye masomo yangu yakaja kuiunganisha. Jumamosi ya tarehe 2 Julai mvua ilishuka Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, ikamwaga zaidi ya milimita 100 ndani ya saa mbili hivi. Mabomba ya majitaka yakazidiwa, vyumba vya chini ya majengo vikajaa, barabara kuu zikafungwa, na hasara ikakadiriwa kufika kroner bilioni 6 hivi. Miezi mitano baadaye, siku chache kabla ya Krismasi, ikawa zamu ya Dar es Salaam. Mto Msimbazi uliacha njia yake, Jangwani ikageuka ziwa, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Familia nyingi za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande. Wakati huo nilikuwa sekondari, tukiishi Kigogo. Nyumba yetu ilikuwa juu kidogo, ikapona. Ya mama mdogo ilikuwa chini, na yeye na wanawe walilala sebuleni kwetu mpaka masika ya mwaka uliofuata.

Kwa hiyo nilipoingia chuo kusoma mipango miji, tayari nilikuwa na swali langu. Wenzangu walipenda maghorofa, wengine reli na mabasi. Mimi nilitaka kujua mvua ikinyesha mjini inapaswa kwenda wapi, na ni nani mwenye kazi ya kuipeleka huko. Nilipopata ufadhili wa kozi ya kiangazi Denmark, sikuhitaji kufikiri mara mbili. Safari ya karatasi, yaani viza, barua za benki na bima, ilikuwa ndefu kuliko safari ya ndege. Atakayefuata nyuma yangu aianze mapema sana, kwa sababu wapo wanaokosa kozi za namna hii kwa kukosea kwenye kalenda, uwezo wanao.

Kozi ilianzia darasani, na hapo ndipo niliposikia jambo lililonitikisa kuliko majengo yote niliyokuja kuyaona. Baada ya mafuriko yale, manispaa ya Copenhagen ilipitisha mwaka 2012 mpango wa kukabiliana na mvua kubwa za ghafla. Ndani yake kuna sentensi moja ya shabaha: katika mvua ya aina inayotarajiwa mara moja kwa miaka 100, maji yasizidi sentimita 10 juu ya barabara.

Sentimita 10! Hawakuandika kwamba mafuriko yatakomeshwa. Walikaa chini, wakapiga hesabu, wakaamua ni maji kiasi gani mji wao utayavumilia, kisha wakaweka namba hiyo hadharani ili kila mhandisi na kila diwani aulizwe kwayo. Nilifikiria hotuba zote nilizozisikia nyumbani baada ya kila masika, zenye ahadi ya kumaliza tatizo la mafuriko. Ahadi isiyo na kipimo haina wa kuidai. Namba ina wa kuidai. Tangu siku ile, nikipewa mpango wowote wa mji kuusoma, natafuta kwanza kipimo chake kiko ukurasa wa ngapi.

Kutokana na ile sentimita 10 ndipo miradi yote mingine inapozaliwa, ipatayo 300, iliyopangwa kutekelezwa kwa miaka 20 hivi. Wangeweza kuchimba na kuweka mabomba makubwa zaidi kila mahali, lakini hesabu zao zilionyesha kwamba njia hiyo ingegharimu karibu mara mbili ya njia mchanganyiko. Wakachagua kuyaacha maji yapite juu ya ardhi pale inapowezekana: barabara nyingine zinainamishwa zibebe maji kuelekea bandarini, bustani zinashushwa ziyapokee kwa muda, na pale tu isipowezekana ndipo wanachimba mahandaki.

Bustani niliyokaa nayo sana ni Enghaveparken, iliyoko eneo la Vesterbro. Ni bustani ya tangu miaka ya 1920, yenye waridi, bwawa na kiwanja cha michezo, iliyofanyiwa ukarabati na kufunguliwa upya mwaka 2019. Ukiingia siku ya jua huoni mradi wowote wa maji. Unaona wazee kwenye mabenchi, watoto wanacheza mpira, na ukuta wa zege unaozunguka pande za bustani, ambao watu wanaukalia na kula chakula cha mchana. Ardhi ya hapo imeinama, lakini juu ya ule ukuta ni sawasawa kote. Maana yake ni kwamba bustani nzima ni bakuli. Kiwanja cha michezo kimeshushwa chini, ngazi za watazamaji zikiwa pembeni, nacho hujaa kabla ya sehemu nyingine. Mvua ikizidi, bwawa na bustani ya waridi navyo hupokea. Ikizidi mno, milango iliyofichwa kwenye nafasi za kuingilia hujifunga kadiri maji yanavyopanda, na mahali pote panakuwa hifadhi ya zaidi ya mita za ujazo 22,000.

Nilirudi pale siku ya kazi, nikarudi Jumapili, nikarudi na mvua. Nilikuwa na tepu, daftari na penseli, nikapima kina cha kiwanja, upana wa ngazi, mwinamo wa njia. Wanafunzi wenzangu walipiga picha wakaenda zao, na siwalaumu, ratiba ilikuwa imebana. Lakini ukipima kitu kwa mkono unalazimika kukigusa, na ukikigusa unaona mambo ambayo picha haiyachukui. Niliona, kwa mfano, kwamba vichungi vya kuingizia maji vilikuwa safi. Hapakuwa na jani, hapakuwa na chupa.

Asubuhi moja nikamkuta mtunza bustani, mtu mzima mwenye koti la rangi ya machungwa, nikamuuliza kwa Kiingereza ni nani anayevisafisha. Akajibu kwamba ni yeye na wenzake, wana siku zao, na baada ya kila mvua kubwa wanapita tena hata kama si siku yake. Nikauliza: asipokuja mmoja wao je? Akaniangalia kana kwamba swali halikueleweka. Akasema kazi hiyo imeandikwa, ina saa zake na ina malipo yake. Mtu akiumwa anakuja mwingine.

Nikalibeba jibu hilo mpaka darasani na kuuliza fedha za saa hizo zinatoka wapi. Hapo nikapata somo la pili. Kwa muda mrefu sheria za Denmark ziliruhusu ada ya maji na majitaka itumike kwenye mabomba tu. Baada ya mafuriko, sheria zikarekebishwa ili shirika la maji liweze kuchangia pia suluhisho za juu ya ardhi, kama barabara za kubeba maji na bustani za kuyapokea. Kwa maneno mengine, mkazi wa Vesterbro analipia ile bakuli kidogo kidogo kila anapolipa bili yake ya maji. Mbunifu alichora vizuri, lakini bila badiliko lile la sheria mchoro wake ungebaki ukutani ofisini.

Hili halipo kwenye picha hata moja ya zile zinazozunguka mitandaoni. Tunaona baiskeli, tunaona kijani, tunaona watu wanaogelea bandarini. Hatuoni bili.

Sehemu nyingine nitazipita haraka, ingawa kila moja ilistahili siku yake. Mtaa wa Strøget, uliofungiwa magari mwaka 1962, unapendeza kutembea, ila kwa swali langu haukuwa na mengi. Tåsinge Plads, kiwanja kidogo cha mtaa wa Østerbro, kilinipa jambo moja la kiufundi ninalolitumia mpaka leo: maji ya paa na maji ya barabara hayachanganywi. Ya paa ni masafi, yanaachwa yaonekane, watoto wayachezee na mimea iyanywe. Ya barabarani yana mafuta, na wakati wa baridi yana chumvi ya kuyeyushia barafu, kwa hiyo yana njia yake. Kwetu hatuna chumvi ya barafu, lakini tuna gereji, tuna machinjio, tuna vyoo vinavyotapika mvua ikinyesha. Kutenganisha maji kadiri ya uchafu wake ni wazo la kwetu kabisa, tena sisi tunalihitaji kuliko wao.

Kisha tukavuka daraja la Øresund kwa treni kwenda Malmö, Sweden, na huko nikabaki na mtaa mmoja tu, Augustenborg.

Augustenborg si mtaa wa matajiri. Ni majengo ya ghorofa tatu tatu yaliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950, nyumba za kupanga za kampuni inayomilikiwa na manispaa. Wakazi wake wengi ni wahamiaji. Kufikia miaka ya 1980 na 1990 mtaa ulikuwa umechoka: kila mvua kubwa ikija, maji ya mvua na majitaka yaliyokuwa yakipita bomba moja yalirudi nyuma na kujaa kwenye vyumba vya chini. Mwaka 1998 ukaanza mradi wa kuukarabati. Mabomba ya zamani hayakung'olewa. Kazi ikawa kuyapunguzia mzigo: maji ya mvua yakatolewa humo na kupewa mifereji ya wazi ya kilomita 6 hivi, inayopita kati ya majengo, uani, hadi kwenye kiwanja cha shule, ikiishia kwenye mabwawa madogo. Paa nyingi zikapandwa mimea mifupi inayohimili ukame. Tarehe 31 Agosti 2014 Malmö ilipopigwa na mvua ya karibu milimita 100 kwa saa chache, mitaa jirani ilizama vibaya na Augustenborg ikaumia kidogo sana.

Nilichokipenda ni udogo wa vitu. Mfereji wenyewe mahali pengine ni upana wa viatu viwili, umejengwa kwa mawe na zege, na fundi yeyote wa Manzese angeweza kuujenga ndani ya wiki. Mahali pengine chini yake pamewekwa vijiwe vya kuyapunguza maji kasi. Hakuna mashine, hakuna kompyuta. Nilitembea nikifuata mfereji mmoja kutoka bomba la paa mpaka bwawani, nikihesabu mahali pote ambapo ungeweza kuziba.

Nikiwa nimechuchumaa napima, mama mmoja akapita na mifuko ya sokoni akiongea na simu, na maneno niliyoyasikia yalikuwa Kiswahili. Nikasimama.

"Shikamoo mama."

Akacheka, akakata simu. "Jambo mwanangu. Weye unatoka wapi?"

Nikamwambia Dar es Salaam. Yeye ni wa Uvira, Kongo, na kabla ya kufika Sweden alipitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, kwa hiyo Tanzania anaijua. Nikamweleza ninachofanya. Akaweka mifuko chini, akanionyesha mwenyewe mahali ambapo maji hupita mvua ikiwa kali, na dirisha lake, na kiwanja ambacho wajukuu wake wanachezea. Nikamuuliza kama mfereji ule hauzibi.

"Ungeziba," akasema. "Majani ni mengi hapa. Lakini mtu wa nyumba anapita kila juma, anaondoa. Asipopita tunapiga simu. Namba iko pale kwenye mlango, kila mtu anaijua."

Nikaenda kuutazama mlango. Namba ilikuwepo, na chini yake siku ya kupita. Kwangu ule ukurasa mmoja uliobandikwa mlangoni ni sehemu ya usanifu sawa na mfereji wenyewe. Nimeunakili kwenye daftari langu, na mistari yake, na ukubwa wa herufi zake. Mama akaniaga kwa kunipa ndizi mbili na kunitaka nimsalimie mama yangu.

Nisiseme kwamba vyote hivi vinaweza kupakiwa kwenye begi na kupelekwa Dar. Copenhagen hupata mvua ya milimita 600 hivi kwa mwaka. Dar hupata zaidi ya 1,000, na sehemu kubwa yake huja kwenye masika na vuli. Tatizo la pili ni mchanga. Mto Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu, na kila mvua inapozidi unakuja na mchanga unaopandisha kitanda cha mto pale Jangwani, hata kina kilichochimbwa mwaka huu kinaweza kupotea mwaka ujao. Bakuli kama la Enghaveparken likiwekwa bila mahali pa kuunasa mchanga huo kwanza, litajaa udongo kabla halijajaa maji. Tatu ni taka ngumu. Vichungi vya wenzetu vinapambana na majani, vyetu vinapambana na chupa, nguo, maganda ya nazi na mifuko iliyobaki hata baada ya marufuku ya mwaka 2019. Na nne, ambalo kwangu ndilo kubwa, ni ardhi. Augustenborg karibu yote ina mwenye nyumba mmoja, nayo ni ile kampuni ya manispaa. Kigogo ina wenye nyumba maelfu, wengi hawana hati, na mfereji wa upana wa viatu viwili ukipita katikati utagusa ukuta wa huyu, choo cha yule na genge la mwingine. Mbunifu anayechora mstari bila kwenda kugonga milango hiyo amechora picha tu.

Niliporudi, nilikwenda Hananasif. Wanaosoma mipango miji Dar wanalifahamu jina hilo, maana mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakazi wa pale, kando ya Msimbazi huohuo, walijenga mitaro na barabara za mtaa wao kwa mikono yao, kwa mikataba iliyowapa wao kazi na ujira badala ya mkandarasi wa nje. Wanawake walikuwa sehemu kubwa ya nguvukazi. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yalisaidia, na chama cha wakazi kikapewa pia jukumu la matunzo. Miaka kadhaa kabla Augustenborg haijaanza mradi wake, Hananasif ilikuwa tayari inajaribu kujibu swali lilelile, tena kwa fedha kidogo sana.

Nilitembea kwenye mitaro hiyo na tepu yangu. Mahali pengine bado inabeba maji vizuri. Mahali pengine imejaa mchanga mpaka juu, na nyasi zimeota. Baba mmoja aliyekuwa amekaa kibarazani akanieleza alivyochimba sehemu ya mbele ya nyumba yake akiwa kijana, na ujira alioupata. Nikamuuliza swali langu: sasa anauzibua nani? "Kila mtu mbele ya kwake," akasema, "kama ana nafasi." Nikauliza namba ya kupiga ukiziba. Hakuna namba.

Ninalileta hili kwa sababu tunaanza sasa kazi kubwa kuliko zote. Mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliupitisha mwaka 2022 kwa mkopo wa dola milioni 200, unahusu daraja jipya la Jangwani, kupanua na kuimarisha mto, na bustani kubwa ya jiji katika ardhi inayofurika. Ninauunga mkono kwa moyo wote. Kuyapa maji nafasi yake badala ya kushindana nayo ndilo jambo sahihi, na watu kama mama mdogo walistahili kusikia hivyo zamani sana. Lakini kwenye mikutano ninayoingia watu huuliza juu ya daraja, fidia na ramani, yote ni maswali halali, na mara chache sana nasikia mtu akiuliza juu ya mwaka wa sita: mkopo umeshatumika, wakandarasi wameondoka, masika imeleta mchanga, na ni idara gani yenye mstari wa bajeti, magari na watu wa kuutoa.

Kwa mwanafunzi anayejiandaa kwenda kuona miji ya wengine, ushauri wangu ni wa vitendo. Chagua swali moja kabla ya kupanda ndege, na uwe na mtaa mmoja wa nyumbani kichwani, wenye majina na watu, ili kila unachokiona ukipime nao. Acha sehemu nyingi zikupite, ukae kwenye chache. Ukifika kwenye kitu kizuri, tafuta mtu mwenye ufagio kabla hujatafuta aliyekichora. Omba kuona mkataba wa matunzo. Mara nyingi watakupa, maana hakuna mgeni aliyewahi kuuomba. Omba kuona bili ya maji ya mkazi wa kawaida, usome kila mstari. Uliza ni sheria gani ilibadilishwa kwanza, na ilichukua muda gani. Na ongea na wapangaji, hasa wasiokuwepo kwenye vipeperushi vya mji.

Mimi na wenzangu wawili sasa tunakutana na mwenyekiti wa serikali ya mtaa wetu kila mwezi. Tumechora mitaro yote ya eneo la chini kwa kuitembea, tukaigawa vipande, na kila kipande kina jina la mtu, siku ya kuzibuliwa na namba ya simu, vimebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mtaa na kwenye maduka matatu. Ujira wa wazibuaji unatoka kwenye michango ya kaya, ambayo haitoshi na haiji kwa wakati. Tumeiandikia manispaa barua kuomba kazi hiyo iingizwe kwenye bajeti yake, tukiambatanisha ramani, vipimo na gharama ya kila mita. Tunataka namba pia: maji yaruhusiwe kufika sentimita ngapi kwenye njia ya Kigogo ya chini, nani aliyekubali, na tumdai nani yakizidi.